Mkono Ulioandika Barua

Atokaye mjini Unguja akaishika njia ya pwani iendayo Bububu hufika Mtoni kabla hajachoka, na huko, baina ya minazi na bahari, huziona kuta zilizosalia za jumba la Seyyid Said bin Sultan. Humo alizaliwa Salme mwaka 1844, binti wa mfalme kwa suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Wasichana wa nyumba ile walifunzwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufunzwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na elimu hiyo aliyoiiba ndiyo iliyomtia katika uasi.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Majid akatawala Unguja, nduguye Thuwaini akashika Maskati, na Barghash, aliyekuwa kijana mwenye tamaa na akili nyingi, akaona kuwa kiti kile kingalimfaa yeye. Mwaka 1859 alifanya njama pamoja na wakubwa wa kabila la Alharthi. Dada yake Khole alimpenda kupita kiasi, naye akamvuta Salme. Binti huyu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na kwa kuwa alijua kuandika akafanywa katibu wa njama. Barua za kuagiza bunduki, baruti na risasi zilitoka mkononi mwake. Adui aliyekusudiwa kuondolewa alikuwa Majid, ambaye Salme na mamaye waliwahi kuishi nyumbani mwake kwa mapenzi, wala hakuwa amemtendea jambo lolote baya.

Swali la kwamba avunjaye sheria kwa ajili ya siasa aadhibiwe au asamehewe hujadiliwa sana vyuoni, na mara nyingi hujadiliwa kana kwamba yuko mwasi mmoja na mtawala mmoja, na katikati yao hapana mtu. Asemaye aadhibiwe huitazama heshima ya dola. Asemaye asamehewe huitazama nia njema ya mwasi. Wote wawili huwasahau watu wa tatu, nao ndio wengi.

Watu hao walikuwako katika shamba la Marseille. Nyumba ya Barghash mjini ilipozingirwa, Khole na Salme walimtoa usiku akiwa amevaa nguo za kike, naye akaenda kuungana na wafuasi wake waliojifungia shambani humo. Majeshi ya Majid, yakisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza na mizinga yao, yaliwashambulia. Watu wengi walikufa, na wengi wa hao hawakuwa na tamaa ya kiti cha enzi, maana hakikuwa chao kwa hali yoyote, ashinde huyu au ashinde yule. Barghash mwenyewe alitoroka akarudi mjini, akajificha nyumbani mwake, mwisho akajisalimisha.

Ikaja zamu ya hukumu. Barghash alipelekwa Bombay, akakaa huko muda wa miaka miwili hivi kisha akarudishwa. Salme hakuadhibiwa na Majid. Wapo waliouona upole huo kuwa udhaifu, na yafaa kukiri kuwa mfalme aliyeokolewa na mizinga ya wageni hakuwa na nguvu nyingi za kujivunia. Hata hivyo upole ule ulikuwa na hekima. Mwaka 1870 Majid alifariki, na Barghash yule yule akatawala. Ndiye aliyetia sahihi mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa, na ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba. Lau angalinyongwa mwaka 1859, sheria ingalitimia, na Unguja ingalipata hasara.

Lakini msomaji asikimbilie kusema kuwa basi msamaha ndio haki. Waliokufa Marseille walisamehewa na nani? Majid alisamehe kosa alilotendewa yeye, na hilo lilikuwa haki yake. Hakuwa na uwezo wa kusamehe kwa niaba ya wajane na mayatima. Salme alilijua hilo. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, hakujitetea kwa utoto wake. Aliandika kuwa dhamiri ilimchoma kwa zile barua za risasi.

Kwa kipimo hicho yafaa kuitazama adhabu iliyotolewa Unguja miaka tisini na miwili baadaye. Wakulima wa Kiembe Samaki, waliochukuliwa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao wasichanjwe kwa nguvu kukingwa na kimeta. Baadhi yao wakashtakiwa na kufungwa. Tarehe 30 Julai 1951 umati ulijaribu kuwatoa, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Kukataa chanjo si jambo lisilo na madhara, maana kimeta hakitambui mpaka wa zizi, na jirani mwenye ng'ombe wawili ana haki ya kulalamika. Pengine faini ingalitosha. Lakini serikali haikuuliza jirani amepata hasara gani. Iliuliza ni nani aliyethubutu kukataa amri. Kwa hiyo iliwafunga wachache, na kijiji kikazaa chama cha siasa ambacho mwaka 1955 kilijulikana kama Hizbu. Mkulima alifungwa kwa ng'ombe wake, ilhali mwana wa mfalme, aliyeleta vita, alikaa Bombay akingoja kurudi. Mizani hiyo haikuwa sawa.

Adhabu ya Salme ilitoka kwingine. Majid alipomwomba nyumba yake ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza, aliitoa, na kwa hisani hiyo wakapatana. Barghash, aliyekuwa amekwisha rudi kutoka Bombay, alikasirika mno, na Khole pia. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa na kuolewa Aden, akahamia Hamburg. Mwaka 1885 alirudi pamoja na merikebu za kivita za Wajerumani, akidai urithi wake. Watu wa mjini walimlaki kwa furaha. Ndugu aliyemwandikia zile barua, na aliyemtoa usiku akiwa amevaa nguo za kike, hakukubali kumwona. Salme alikwenda Mtoni, akakuta nyumba aliyozaliwa imekwisha kuwa magofu.