Dikembe Mutombo: kipa wa Kinshasa aliyejenga hospitali kwa jina la mama yake

Ukimuuliza kijana wa Kalengera majina ya wachezaji wakubwa wa Congo, atakutajia kwanza wa mpira wa miguu: Kidiaba na ile furaha yake ya kurukaruka kwa makalio, Trésor Mputu, Shabani Nonda. Dikembe Mutombo anakuja nyuma, pengine kwa sababu basketi inaomba kiwanja cha simenti, na viwanja hivyo ni vya kuhesabu kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Lakini hata yeye alianzia kwenye mpira wa miguu. Akiwa kijana Kinshasa alikuwa kipa. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1966, akarefuka mpaka mita 2 na sentimeta 18, na kwa urefu ule ndugu na walimu wakamsukuma kwenye basketi.

Mwaka wa 1987 alienda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Georgetown. Hakuenda kucheza, alienda kusomea udaktari. Kocha John Thompson alipomuona akamvuta kwenye timu, na masomo ya udaktari yakaishia pale. Alipomaliza chuo mwaka wa 1991, Denver Nuggets ilimchagua akiwa wa nne katika orodha ya vijana wapya wa NBA.

Kazi yake uwanjani ilikuwa ileile ya kipa: kukataza. Katika misimu 18 alizuia mipira 3,289, na ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyempita. Kila alipomnyima mtu kikapu alitikisa kidole, kama mwalimu anayemkanya mtoto, na kidole kile kikajulikana dunia nzima. Mara nne alipewa tuzo la mlinzi bora wa mwaka. Mwaka wa 1994 Denver, timu ya nane upande wake, iliiondoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limeonekana NBA. Picha ya Mutombo amelala chini akiukumbatia mpira kwa mikono miwili, akicheka kama mtoto, inaonyeshwa mpaka leo. Ubingwa wenyewe hakuupata. Alifika fainali mwaka wa 2001 na Philadelphia na mwaka wa 2003 na New Jersey, zote akashindwa. Aliacha kucheza mwaka wa 2009, akiwa Houston, alipoumia goti.

Hayo ni ya uwanjani. Yanayowahusu zaidi wakaaji wa Rutshuru ni yale ya mwaka wa 1998.

Mwaka ule mama yake, Biamba Marie, aliugua nyumbani Kinshasa. Jiji lilikuwa katika vurugu za vita, njia zimefungwa, na familia haikuweza kumfikisha hospitalini. Akafia nyumbani. Mtoto wake alikuwa tajiri, alikuwa na jina Marekani nzima, na pesa zile zote hazikuweza kumpitisha mama kwenye barabara iliyofungwa. Kalengera hadithi hii haihitaji kuelezwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, vita vya M23 vilipofika Rumangabo na Rutshuru na watu wakakimbilia Kanyaruchinya, kilometa 50 hivi za kufika Goma ziligeuka kuwa mbali kuliko Kinshasa. Mgonjwa wa tipoyi hakimbii risasi.

Tuseme ukweli: mfuko wake, Dikembe Mutombo Foundation, haukuanzishwa na kifo hicho. Ulikuwapo tangu mwaka wa 1997, na hata kabla yake, mwaka wa 1996, aliwalipia wanawake wa timu ya basketi ya Zaire jezi na gharama nyingine kwenye michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Kifo cha mama kilichofanya ni kuupa mfuko kazi moja kubwa. Alitafuta pesa miaka mingi, akiwaomba wachezaji wenzake matajiri, na wengi hawakutoa kama alivyotumaini. Mwishowe zaidi ya dola milioni 15 zilitoka mfukoni mwake, katika jumla ya dola milioni 29 hivi. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye nafasi ya vitanda 300, ilizinduliwa mwaka wa 2006 upande wa mashariki wa Kinshasa na ikaanza kupokea wagonjwa mwaka wa 2007. Kujenga ni nusu ya kazi, na pengine nusu rahisi. Umeme, dawa na mishahara hudaiwa kila mwezi, wakati wafadhili hupenda kupiga picha siku ya kukata utepe.

Goma ina sababu nyingine ya kumkumbuka, na hiyo si nzuri. Mwezi wa Februari 2011 ndege ya kifahari kutoka ng'ambo ilikamatwa kwenye uwanja wa Goma kwa biashara ya dhahabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba nyuma ya dhahabu ile alikuwapo Bosco Ntaganda, na wakamtaja Mutombo kati ya waliounganisha wanunuzi na biashara ile. Hakushtakiwa. Wanaomsifu mara nyingi hulipita jambo hili, lakini watu wa huku, walioishi chini ya bunduki za Ntaganda, wana haki ya kulitaja pamoja na hospitali. Hospitali haifuti dhahabu, wala dhahabu haibomoi hospitali.

Baadaye mfuko ulijenga pia shule karibu na Mbuji-Mayi, kwa jina la baba yake, Samuel Mutombo. Mwaka wa 2022 ilitangazwa kwamba ana uvimbe kwenye ubongo, na alifariki Atlanta tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58.

Hospitali ya mama yake iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Kalengera. Huku mama anayeshikwa na uchungu usiku bado anapandishwa pikipiki kuelekea hospitali kuu ya Rutshuru, ikiwa njia imefunguliwa.