Baba, Hiyo Ndiyo Kazi Yangu

Kwenye kipindi kilichopita tuliulizana: ni kazi gani ngumu kuwaeleza wazazi? Yangu mimi ni kuwashauri wakulima wa Yorkshire Dales, kaskazini mwa England, namna ya kutunza malisho yenye maua mengi. Baba yangu, mtoto wa Tanga, bado anashangaa: "Yaani umesoma mpaka chuo kikuu ili uwaambie watu wasitie mbolea?"

Ndiyo, Baba. Mbolea ya kiwandani inazinenepesha nyasi chache zenye nguvu, zinapanda juu, mimea mingine inakosa mwanga na kufa. Malisho yaliyotunzwa vizuri yanaweza kuwa na aina zaidi ya 20 za mimea ndani ya mita moja ya mraba. Tangu miaka ya 1930, England na Wales zimepoteza takriban asilimia 97 ya malisho ya namna hiyo.

Kazi yenyewe ni ya kalenda. Kuelekea kiangazi mifugo inatolewa, majani yanaachwa yarefuke. Yanakatwa kuanzia katikati ya Julai, yanageuzwageuzwa juani ili yakauke na mbegu zidondoke. Halafu ng'ombe na kondoo wanarudishwa, na kwato zao zinazikanyagia mbegu ardhini. Kuna mmea mmoja wa maua ya njano, Rhinanthus minor, ambao mizizi yake inanyonya mizizi ya nyasi na kuipunguzia kiburi. Mbegu zake zikikomaa, ukiutikisa unalia kama kayamba.

Ila maua hayalipi bili. Bila mbolea, majani makavu ya kulishia mifugo yanapungua, na pengo linazibwa na malipo ya serikali. Mkulima mmoja ninayemshauri mkataba wake unaisha mwakani. Akiamua kulima na kupanda nyasi za haraka, ni kazi ya siku chache. Kuyarudisha yale maua ni miongo. Siwezi kumwambia ajali nyuki kuliko wanawe.

Na Baba naye ana hoja. Alikotoka, shamba zuri ni lililopaliliwa, na majani ni adui wa mahindi. Kiswahili changu cha sebuleni nacho kina neno moja tu, majani: ya chai, ya mti, ya ng'ombe. Kwa hiyo siku hizi namwambia hivi: mimi napalilia kinyume, naondoa nguvu ya wakubwa ili wadogo wapumue. Hilo alilielewa, akacheka, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa huyo mkulima atakula nini?"

Nyie mnaielezaje kazi yenu nyumbani? Tuandikieni.