Windows Tatu, Leseni Moja

Wasee, mwezi uliopita karibu nisaini uongo juu ya elfu ishirini.

Stori iko hivi. Mteja alitaka nirekodi video za kufundisha watu programu yake ya duka. Ili ionekane vizuri, lazima kuwe na kompyuta mbili: moja ya keshia, nyingine ya meneja. Mimi niko na laptopu moja tu, ya mtumba. Nikaona hakuna shida. Nikaweka VirtualBox, nikatengeneza mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya hii yangu, na kila moja nikaipatia Windows. Hiyo kazi niliisoma chuo, kabla karo inishinde mwaka wa pili. Tulifunzwa kila kitu cha kubonyeza. Leseni? Hakuna mtu aliitaja.

Halafu mkataba ukakuja. Kifungu cha saba kilitaka nithibitishe kwamba kila programu nitakayotumia iko na leseni halali.

Hapo ndio nilisoma masharti ya Windows mara ya kwanza maishani, yale marefu sisi wote hubonyeza tu "nakubali". Yanasema wazi: leseni moja ni nakala moja kwa kifaa kimoja, kiwe cha kushikika ama cha pepe. Ukitaka kuiweka kwa mashine pepe zaidi, kila moja ilipiwe yake. Kumbe nilikuwa na Windows tatu na leseni moja, ile ilikuja na laptopu. Windows 11 Home Marekani ni dola 139, kama 18,000 za kwetu. Mara mbili, 36,000. Kazi yenyewe inalipa 20,000!

Nilikasirika. Laptopu ni moja, stima ni moja, mimi mwenyewe ni mmoja. Nilipe tena kwa nini? Nikaenda kulilia mathe, kwa kibanda chake cha viatu vya ngozi soko la Kariokor. Akacheka.

"Unakumbuka nilipompatia yule fundi wa mishipi kona hapa ndani? Mwenye kibanda alisema nini?"

Nilikumbuka. Alisema amemkodishia mathe, hajamkodishia fundi. Kodi ikapanda, na kibanda hakikuongezeka hata inchi.

"Basi na wewe ulikodi, hukununua," mathe akasema.

Ni hivyo tu. Windows si yako, umepewa ruhusa, na mwenye kuitoa ndiye huweka mipaka. Apple wanakubali mashine pepe mbili za macOS, na lazima ziwe ndani ya kompyuta ya Apple. Microsoft wako na Windows ya majaribio ya siku 90, lakini ni ya kujaribu, si ya kutafutia pesa ya nyumba.

Sisemi ni haki. Vista ilipotoka 2007, zile za nyumbani hazikuruhusiwa kwa mashine pepe kabisa. Januari 2008 Microsoft wakalegeza. Kwa hivyo haya masharti si Amri Kumi, ni watu waliyaandika na wanaweza kuyaandika upya. Tulalamike. Lakini kulalamika ni kitu moja, kusaini kwamba uko na kitu huna ni ingine.

Nikafuta zile Windows mbili. Keshia nikamweka kwa Windows ya laptopu yenyewe. Upande wa meneja unafunguka kwa brauza, basi nikauwekea Ubuntu kwa mashine pepe. Hiyo weka hata kumi, hakuna mtu atakudai. Laptopu ilikwama kwama, kazi ya siku mbili ikachukua nne. Lakini kifungu cha saba nilikisaini bila mkono kutetemeka.

Najua kuna msee anasema, "Si uweke tu ile ya kuvunjwa kama kila mtu?" Nimeiweka miaka, siwezi kujifanya malaika. Ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

Sasa nakuuliza wewe: Windows iko kwa laptopu yako, ilitoka wapi?