Wakata Miwa wa Manungu

Manungu si mji. Ni sehemu ya shamba la miwa la Mtibwa, Turiani, mkoani Morogoro: kiwanda, nyumba za wafanyakazi na uwanja wa mpira, vyote vimezungukwa na miwa, na milima ya Nguru ikionekana kwa juu. Ukitoka Morogoro mjini unapita Dakawa, ukifika Magole unaiacha barabara ya Dodoma. Zamani, mvua ikinyesha, kipande cha Magole hadi Turiani abiria walikuwa wanashuka kusukuma basi. Huko ndiko nilikokulia, mtoto wa mkata miwa, na huko ndiko ilikotoka timu iliyochukua ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Vijana nikiwaambia hivyo huniangalia kama ninayewapigia porojo.

Mwaka 1988 wafanyakazi wa shamba na kiwanda walianzisha timu yao, Mtibwa. Hakuna aliyezungumzia ubingwa. Watu walikuwa wanataka kucheza baada ya kazi, basi. Timu ikaanzia chini kabisa, kwenye ligi za huko huko kwetu, ikipanda ngazi moja moja. Sisi watoto mchezaji tulimjua kwa kazi yake kabla ya kumjua kwa namba yake: yule wa karakana, yule wa trekta, yule wa mizani.

Kazi yenyewe lazima niieleze, maana bila hiyo timu haieleweki. Miwa huchomwa kwanza, majani yateketee na nyoka wakimbie. Moto wake ukiwaka usiku, asubuhi nguo zilizoachwa kambani zimejaa masizi. Mkataji anaingia shambani alfajiri. Panga la kwanza linapita chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu sukari nyingi iko kwenye shina na anayeacha kisiki kirefu anaacha hela shambani. Panga la pili linaondoa kilele. Anainuka, anatupa muwa kwenye tuta, anainama tena. Ikifika saa nne asubuhi, wanaume walioko kwenye mstari ule wote ni weusi kwa masizi mpaka kope, na mimi nilikuwa nikipeleka uji simtambui baba yangu mpaka aniite.

Mtu huyo jioni alikuwa anaoga, anakula, kisha anatoka kwenda uwanjani.

"Baba, hujachoka?"

"Nimechoka, mwanangu. Lakini yule beki kesho tunaingia naye zamu moja. Nisipoonekana leo atanisema."

Baba alikuwa anamaanisha. Mashabiki na wachezaji walikuwa wanaonana kazini kesho yake, na goli la kizembe lilijadiliwa na mhusika mwenyewe akiwa amesimama pale na panga lake. Sijaona tena timu ambayo mchezaji wake anawajibika kwa watu wake namna hiyo.

Morogoro haikuwa ngeni kwa mambo haya. Mji ulikuwa wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, mafuta ya kula, tumbaku. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1975, wakati watu wengi waliamini kombe haliwezi kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na timu ya Tumbaku. Kulikuwa na Reli, timu ya wafanyakazi wa reli, Kiboko ya Vigogo, ambayo Simba na Yanga walikuwa hawalali usingizi wakijua wanakwenda kukutana nayo uwanja wa Jamhuri. Timu hizo zilikuwa zinalishwa na mashirika. Shirika lilitoa basi, likatoa jezi, likampa mchezaji ajira ili akistaafu mpira awe na pa kurudi. Mashirika yalipoyumba, timu zikaanguka nayo. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, reli ikadhoofika, na Kiboko ya Vigogo ikabaki jina la kutajwa vijiweni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kiwanda chetu kikauzwa kwa mwekezaji binafsi. Nakumbuka wasiwasi wa wazee. Kila mtu alikuwa ameona yaliyotokea mjini, na swali la kwanza lilikuwa ajira, la pili timu. Kilichotokea ndicho kinachonifanya niipende Mtibwa mpaka leo: miwa iliendelea kukatwa, na timu haikuachwa. Haikuachwa tu, ilipaa.

Mwaka 1998 Majimaji ya Songea ilikuwa imeshaonyesha njia kwa kuchukua ubingwa. Mwaka 1999 ikawa zamu yetu. Mecky Mexime alikuwa mmoja wa vijana wa kikosi kile, beki ambaye baadaye alikuja kuwa nahodha wa Taifa Stars na kocha wetu. Redio moja ilikuwa inasikilizwa na watu wa nyumba kumi. Ubingwa ulipothibitika, wanaume ambao sijawahi kuwaona wakicheza ngoma walicheza, na mama yangu, ambaye mpira haukuwa jambo lake, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwaka uliofuata wakachukua tena. Tangu hapo kombe limetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, msimu wa 2013/14, na waliolitoa ni Azam, timu iliyoanzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa. Walioweza kuwavunja vigogo katika karne hii nao walianzia kwenye zamu za kiwandani. Jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika polepole. Mpira wenyewe ulibadilika. Mchezaji wa kulipwa hawezi kukata miwa asubuhi na kumkaba mshambuliaji jioni, na sitaki kudanganya kwamba ningependa iwe hivyo. Kikosi kikajaa vijana waliosajiliwa kutoka kila pembe ya nchi. Walikuwa wazuri, tukawapenda, lakini hawakuwa wa zamu moja na baba zetu. Tukawa shamba la mbegu. Mwaka 2016 Simba ilichukua watatu kwa mpigo: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Miaka michache baadaye Dickson Job na Kibwana Shomari wakaenda Yanga. Kila nikimwona Job na jezi ya taifa nasema kimoyomoyo, huyu katoka Manungu.

Furaha kubwa ya mwisho ilikuwa Juni 2018, fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Mtibwa 3, Singida United 2. Kocha alikuwa Zubeir Katwila, aliyekuwa ameichezea timu hiyo hiyo. Kombe lile likatupa tiketi ya Afrika, na hapo deni la zamani likaibuka: mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu ilifungwa nyumbani na Santos ya Afrika Kusini, haikusafiri kwa marudiano, ikafungiwa. Ilibidi faini ilipwe kwanza ndipo tucheze.

Mwanzoni mwa 2022 Simba ilikuja Manungu ikaondoka na sare ya bila kufungana. Mwaka 2024 tukashuka daraja, baada ya zaidi ya miaka 20 ligi kuu. Baba alikuwa ameshafariki, na nilishukuru kwamba hakuisikia siku ile. Mwaka 2025 tukapanda tena, tukiwa mabingwa wa Championship.

Timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 20 imetwaa ubingwa wa taifa zaidi ya mara moja, kwa hiyo kulea tunajua. Ninachotaka ni kuona ndani ya kikosi cha wakubwa mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye mama yake anaweza kwenda uwanjani kwa miguu. Wanaotafuta vipaji wasiende mbali. Wapite kwenye viwanja vya kambini saa kumi jioni, watoto wakishatoka shule. Nilipokwenda mara ya mwisho kulikuwa na mmoja anayetumia mguu wa kushoto, mwembamba, anacheza pekupeku, na wenzake walikuwa wanagombana nani awe naye upande mmoja. Nimeshamwambia mjomba wake ampeleke kwenye majaribio.