Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa na kompyuta akilini. Hata hivyo, lipo kundi moja la wasomi ambalo methali hiyo hulisawiri barabara: watafiti wa baada ya uzamifu. Hawa ni watu waliokwisha kutunukiwa shahada ya juu kabisa, ilhali hawajapata ajira ya kudumu. Neno uzamifu limetokana na kitenzi zama. Mzamiaji wa kawaida akiibuka na lulu mkononi hurejea pwani akapumzika. Huyu, kinyume chake, huambiwa akazame tena, aghalabu katika bahari ya watu wengine, kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Nayo ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwake imepinduliwa. Jembe hukabidhiwa siku ya kwanza; siku ya tatu huagwa.

Kwa watafiti wa fizikia ya maada ya kinadharia na ya kikompyuta, jembe lenyewe ni hesabu. Kazi yao ni kutabiri tabia za chuma, silikoni au chumvi kabla kipande chenyewe hakijatiwa tanuruni: kitakuwa kigumu kiasi gani, kitapitisha umeme au la. Kanuni ya kufanyia hesabu hiyo ilijulikana tangu 1926, Erwin Schrödinger alipotoa mlinganyo wake. Kikwazo kilikuwa wingi wa elektroni. Atomi moja ya chuma ina elektroni 26, na kila moja huhitaji namba 3 ili kuelezwa mahali ilipo. Jumla ni namba 78. Mtu akichagua vituo 10 tu kwa kila namba, orodha yake itakuwa na nafasi zinazohesabiwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 78. Hakuna kompyuta iwezayo kuhifadhi orodha ya namna hiyo.

Aliyeongoza juhudi za kuukwepa ukuta huo alikuwa mtu aliyeuonja ugeni katika sura zake chungu. Walter Kohn alizaliwa Vienna mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi. Mwezi wa Agosti 1939, vita vikikaribia kuzuka, alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wengine waliokuwa wakiokolewa kutoka mikononi mwa Wanazi. Wazazi wake walibaki, na baadaye waliuawa Auschwitz. Mwaka 1940 Waingereza walimkamata kwa kuwa alihesabiwa mgeni kutoka nchi adui, wakampeleka kambini Kanada. Alipoachiliwa mwaka 1942 alijiunga na Chuo Kikuu cha Toronto. Huko, kwa sababu za usalama wa wakati wa vita, hakuruhusiwa kukanyaga jengo la kemia. Akasoma hisabati na fizikia. Alipata uzamifu wake Harvard mwaka 1948, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 naye akawa mtafiti mgeni Copenhagen.

Mwaka 1963 Kohn alikuwa profesa California, lakini vuli ya mwaka huo alikuwa likizoni kikazi Paris. Hapo alikutana na Pierre Hohenberg, kijana aliyepata uzamifu wake mwaka uliotangulia na aliyekuwa ametoka kufanya utafiti Moscow. Wote wawili walikuwa pale kwa muda tu. Katika makala yao ya 1964 walithibitisha kwamba, maada inapokuwa katika hali yake ya utulivu kabisa, hapana haja ya kumfuata kila elektroni. Ni kama mtu aliye juu ya ghorofa akilitazama soko la Kongowea: hamfuati kila mnunuzi, bali huangalia watu wamesongamana wapi na wapi ni wachache. Msongamano huo, unaohitaji namba 3 tu badala ya 78, unabeba habari zote.

Uthibitisho huo ulionyesha kwamba hazina ipo bila kutoa ufunguo wake. Aliporejea California, Kohn aliutafuta ufunguo pamoja na mtafiti mwingine wa baada ya uzamifu, Lu Jeu Sham, mzaliwa wa Hong Kong aliyesomea Cambridge. Mwaka 1965 walipendekeza elektroni zinazosukumana zibadilishwe kwa elektroni za kubuni zisizojaliana, mradi msongamano ubaki ule ule. Yasiyohesabika yakakusanywa katika kipengele kimoja cha kukadiriwa. Makadirio hayo yana udhaifu wake: yale mepesi hupunja pengo la nishati la semikondakta, hivi kwamba anayetafuta maada ya kuvunia nishati ya jua hulazimika kutumia mbinu nzito zaidi. Licha ya hayo, njia ilikuwa imefunguka.

Mwaka 1998 Kohn alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na John Pople. Ilikuwa tuzo ya kemia, taaluma ambayo jengo lake alifungiwa nje. Majina ya Hohenberg na Sham hayakuwamo. Basi mwenyeji alipona, je, mgeni? Wawili hao hawahitaji kuliliwa, maana walipata makao ya kudumu na heshima. Wako wengi wasiopata. Mkataba wao huisha watoto wakiwa ndio kwanza wamezoea lugha ya shule, na wazazi nyumbani huzeeka machoni pa majirani.

Hata hivyo, Kohn alitenda jambo moja la kiutu: aliyaacha majina ya wageni mlangoni. Mpaka leo kila anayejifunza taaluma hii hutaja nadharia ya Hohenberg na Kohn, kisha milinganyo ya Kohn na Sham. Medali ilikwenda kwa mmoja. Lugha ya taaluma ikawahifadhi wote watatu.

Mwaka 2012 shule ya Afrika ya mbinu za kuchunguza miundo ya elektroni, iliyokuwa imeanzia Cape Town mwaka 2010, ilifanyika Chepkoilel, Eldoret. Safari hiyo walimu walitoka ng'ambo, nayo Kenya ikawa mwenyeji. Programu zinazotumiwa, kama Quantum ESPRESSO, hazilipiwi, na fuwele ndogo ya silikoni huhesabika katika kompyuta ya kawaida. Kwa hiyo vyuo vikuu vya Afrika Mashariki navyo vina uwezo wa kufungua mlango na kuita. Ila vikiita, vikumbuke kuwa methali imetaja kupona kwa mwenyeji peke yake. La mgeni limeachiwa mwenyeji: ampe muda wa kutosha kulima, na mavuno yakija, jina lake litajwe.