Msitu Mzuri kwa Macho ya Nani?

Katapila zilipoanza kufungua njia katika msitu wa Kwamkoro, milimani Usambara Mashariki, miaka ya mwisho ya 1970, sisi watu wa Amani hatukuwa na kauli moja. Vijana wengi tulifurahi, maana kazi ilipatikana na malori yaliyoshusha magogo yalitupa lifti hadi Muheza. Wazee walinyamaza. Waliolalamika kwanza ni kina mama, kwa kuwa wao ndio waliochota maji, na maji yalikuwa yameingia tope.

Mimi nilikuwa kibarua katika kundi la kupima miti. Nilizungushia shina utepe, nikataja kipimo kwa sauti, nikasogea pembeni ili bwana miti achonge gome na kugonga alama kwa nyundo ya serikali. Miti yenyewe ilikuwa mitambara, minyasa na mifimbo. Katika makaratasi ule ulikuwa ukataji wa kuchagua: mkubwa anaondoka, wadogo wanabaki wakue. Mlimani mambo yalikwenda vingine. Usambara Mashariki ni miteremko mikali, na Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mtambara mmoja ukianguka, ulivuta na jirani zake waliofungamana nao kwa mimea itambaayo. Kisha katapila ililiburuta gogo hadi barabarani, na nyuma yake ukabaki mtaro wa udongo mwekundu. Masika ilipofika, mitaro ile ilijaa maji na kuporomosha udongo hadi Mto Zigi, mto unaowapa maji wakazi wa mji wa Tanga.

Wageni waliokuja Amani wakati ule, wanafunzi, watafiti na watu wa mjini, walishtuka. Walipiga picha visiki na mitaro. Maneno yao yalikuwa makali, nao walikuwa na haki ya kukasirika. Ila nilianza kuona kwamba hasira yao ilifuata barabara. Kilichoonekana kutoka garini kilikuwa kibaya. Kilichojificha nyuma ya majani hakikuulizwa.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na wapasua mbao. Baadhi walikuwa wa kwetu, wengine walitoka nyanda za juu kusini, nao kwa msumeno walikuwa mafundi kweli. Walichimba shimo kwenye mteremko, wakaweka magogo mawili ya kukingama, wakaviringisha gogo la kupasuliwa juu yake. Uzi ulichovywa katika unga mweusi wa betri kuukuu za redio, ukavutwa kutoka ncha hadi ncha, ukaachiwa, na mstari ukajichora juu ya gogo. Mmoja alisimama juu akiongoza msumeno, mwenzake alikuwa shimoni akiuvuta chini, amefunga kitambaa kichwani, unga wa mbao ukimmwagikia mabegani. Hapakuwa na injini wala barabara mpya. Mbao zilibebwa kichwani kwa njia ya miguu. Wageni wale wale waliochukizwa na katapila walisimama kuwatazama kwa furaha, wakasema hivi ndivyo msitu unavyopaswa kuvunwa.

Kwa jeraha la ardhi, walisema kweli. Shimo la wapasuaji lilifukiwa na majani, na baada ya muda ulihitaji mwenyeji akuonyeshe lilipokuwa. Lakini msumeno wa mkono ulifika kule ambako trekta haikuweza kufika: kwenye makorongo, kando ya vijito, juu ya majabali. Kila mpasuaji alitafuta mti ule ule, ulionyooka na wenye mbao nzuri. Kwa hiyo mti mzazi, wenye mbegu bora, uliondoka kimyakimya, na kwa kuwa pengo lilikuwa dogo hakuna aliyelipigia kelele.

Kisha kulikuwa na hiliki. Hapo ndipo macho ya watu yalipotoka nje ya njia kabisa. Hiliki hupenda kivuli, hivyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka vyote vilivyo chini yake. Mgeni akiingia katika shamba la namna hiyo husifu. Mashina makubwa yamesimama, mwanga unapenya taratibu, chini ni safi, hiliki inanukia. Hakuna sehemu ya Usambara iliyosifiwa kuliko hiyo. Mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye watoto wote tulimwita babu, alinipeleka katika shamba kama hilo akaniambia, "Mwanangu, nioneshe mti wa umri wako." Nilitafuta. Palikuwa na miti ya umri wake na ya umri wa baba yake. Mche wa mtambara haukuwapo, wala wa mnyasa, kwa kuwa kila palizi iliing'oa miche yote. Mizee ile ilipoanza kuanguka, hapakuwa na wa kurithi nafasi yake. Baada ya miaka kadhaa hiliki nayo ilipunguza mavuno, na migomba na mihogo ikafuata.

Simlaumu mkulima. Hiliki ndiyo iliyotulipia ada za shule na mabati. Nasema tu kwamba ule ulikuwa uvunaji wa msitu kama mwingine wowote, na ulipendwa kwa sababu haukuacha kisiki.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, ukataji wa mashine ulikuwa umesimamishwa. Kelele za watafiti zilisaidia sana, na nazishukuru. Wapasuaji nao walipigwa marufuku, na hilo liliwauma watu, kwani mashine iliyomaliza mlima ilikuwa na kibali, na baba aliyetafuta mbao za mlango wake akaitwa mwizi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Leo watalii wanapita katika sehemu zilizokatwa wakati ule, wanainua vichwa na kusema, "Msitu wa asili huu!" Mara nyingi wanayoitazama ni mihesi. Huu ni mti mgeni, ulioletwa na watu wa misitu. Hukua haraka, hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu, na mapengo yaliyoachwa na katapila uliyajaza upesi. Ni wa kijani na ni mrefu, lakini si mtambara.

Ukishuka chini, kwenye shamba la mitiki la Longuza, utakuta kinyume chake. Mitiki iliyokomaa hukatwa yote kwa mara moja. Abiria wa basi la Amani hutikisa vichwa: "Tazama walivyoua msitu!" Mtu akirudi baadaye atakuta miche imepangwa kwa mistari, na kati yake mahindi ya wanavijiji waliopewa nafasi ya kulima. Mti uliopandwa ili uvunwe umevunwa, na mwingine umeshika zamu. Kila mbao inayotoka Longuza ni mbao isiyotafutwa Kwamkoro.

Nimeishi kando ya msitu huu tangu utoto, na jambo moja nataka lisife nami. Uzuri ni kitu kikubwa, na watu wana haki ya kudai milima yao isichubuliwe. Ila jicho la barabarani huona kisiki, halioni mche usiokuwapo. Kina mama walipima uvunaji kwa rangi ya maji, babu akaupima kwa umri wa miti, na vipimo vyao havikudanganya. Anayetaka kuhukumu namna mbao zinavyovunwa, iwe kwa mashine, kwa msumeno wa mkono au kwa jembe la hiliki, aache gari, aingie ndani hadi kijitoni, aulize maji yamekuwaje na mti wa mwakani uko wapi. Asipoonyeshwa, asikubali kuridhishwa na kivuli.