Kwa mpwa wangu Ngoie, kabla hujapanda lori

Likasi, Kikula

Mpwa wangu Ngoie,

Bibi yako anauliza kila jioni kama huko Lubumbashi unakula vizuri, na mchumba wako alipita hapa Jumapili akamsaidia kuchambua sombe mpaka giza likaingia. Binti ana adabu, tumempenda.

Nimesikia umepata kazi ya msaidizi wa dereva kwenye malori ya shaba, Kolwezi mpaka Kasumbalesa. Hongera, mwanangu. Najua dada yako ataifungua barua hii kabla hujarudi nyumbani. Aisome tu. Mimi ni ndugu ya mama yenu, na mjomba asiposema, barabara itasema, nayo haina huruma.

Njia ya shaba haijawahi kubeba shaba peke yake. Mwaka 2014 wataalamu waliofuatilia asili ya virusi vya SIDA walionyesha kwamba vilianza kuenea Kinshasa karibu na mwaka 1920, kisha vikasafiri na abiria wa reli mpaka Lubumbashi miaka ya 1930, wakati ambapo hakuna aliyejua hata jina la ugonjwa. Na juzi tu, mwaka 2023, mpox ya aina mpya ilizuka Kamituga, Kivu ya Kusini, mji wa wachimba dhahabu, na sehemu kubwa ya maambukizo ya mwanzo ilipitia kwenye baa na vitanda. Siyo kwamba wasafiri ni watu wabaya. Lakini lori likikaa siku kadhaa mpakani, kijana ana pesa mfukoni na mkewe yuko mbali, magonjwa haya hayahitaji kualikwa.

Unajua mimi nimezeekea labo, yaani maabara. Vijana walikuja wakitembea miguu imepanuka, wakinong'ona kwamba wana sopisi, yaani kisonono. Tone la usaha nililipaka kwenye kioo, nikalitia rangi, nikainamia darubini. Vijidudu vilionekana vyekundu, viwili viwili, vimekabiliana kama mbegu mbili za maharagwe, vimejaa ndani ya chembe za usaha. Hapo hapakuwa na ubishi. Lakini mke wa kijana huyo angekuja siku ile ile, mara nyingi asingekuwa na maumivu wala uchafu wowote, na huku ugonjwa anao. Ndivyo kisonono na klamidia zinavyowafanyia wanawake wengi: zinakaa kimya, zinapanda mpaka kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Miaka inapita, mtoto hapatikani, na ukoo unaanza kumnyooshea kidole mwanamke aliyeletewa ugonjwa na mume wake. Nimeiona kesi hiyo mara nyingi mno, na mpaka leo inanikasirisha.

Kaswende ina hila zaidi. Inaanza na kidonda kimoja kisichouma, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kukutana na mwenye ugonjwa, na kinapona chenyewe bila dawa. Kijana anafurahi. Baadaye vinatoka vipele, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinapotea. Ugonjwa haujaondoka, umejificha tu, na mwanamke akishika mimba unaweza kumuua mtoto tumboni. Ikigunduliwa mapema, sindano moja ya penisilini ya benzathini inatosha, na kipimo chake ni tone la damu ya kidole.

Kwa hiyo, mpwa wangu, usimpime mtu kwa macho. Unene, usafi wa nguo na sala za Jumapili havionyeshi chochote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kisonono, klamidia, kaswende na trikomonasi vilileta maambukizo mapya milioni 374 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na wengi wao hawakuona dalili yoyote.

Jambo la pili ni dawa za sokoni. Utawakuta njiani wanaouza vidonge kwenye beseni, viwili kwa bei ya chai. Ukivimeza, usaha unakauka siku mbili, kijidudu kinabaki, tena kimejifunza kuizoea dawa. Siprofloksasini, ambayo zamani ilikuwa mkombozi wa madereva, tangu 2016 Shirika la Afya halipendekezi tena itumike kutibu kisonono. Ukiumwa, nenda kituo cha afya, maliza dawa zote, mlete na mwenzako atibiwe, na msikutane kimwili mpaka mtakapoambiwa mmepona. Kumficha mwenzako ni kujirudishia ugonjwa mwenyewe.

Najua wewe si padri. Bora ungemsubiri binti wa watu, na hilo ndilo ninalotaka. Lakini ukishindwa, vaa kapote, yaani kondomu. Angalia tarehe, fungua kwa vidole usitumie meno, bana ncha, vaa moja tu usivae mbili. Usipake mafuta ya mgando wala mawese, yanaipasua. Na usiihifadhi kwenye dashibodi ya lori: jua la Kolwezi litaiharibu kabla hujafika Likasi. Herpesi, kaswende na mpox zinaweza kupitia ngozi isiyofunikwa, basi mwenye kidonda, wewe au yeye, alale peke yake. Uliza pia chanjo ya homa ya ini ya aina B.

Kapote ikipasuka na una wasiwasi, usingoje Jumatatu. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya SIDA, lakini ianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na inamezwa siku 28. Kipimo kikiwa safi, rudia baada ya miezi mitatu. Na kama siku moja utaambiwa unavyo, hujafa: anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inamlinda mwenye virusi asibaguliwe.

Sasa sikia ombi langu, nalo ni zaidi ya ombi. Kabla ya safari ya kwanza, nenda ukapime, virusi vya SIDA na kaswende pamoja. Kabla sisi wazee hatujapeleka mahari, mwende tena wewe na mchumba wako, mkae benchi moja. Majibu msituletee sisi, ni yenu wawili. Mimi nataka tu kusikia kwamba mmekwenda.

Mjomba wako